Spika Tano, Nyumba Mbili

Nyangi alikuwa mke wa kwanza wa Mirumbe, na kwa miaka ishirini na sita hakuna kitu kilichoingia katika boma lile bila kupitia mlangoni kwake kwanza. Nilikuwa jirani yao tangu mwaka 1981, karani wa mizani katika ghala la tumbaku hapa Migori, na mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Yaliyobaki aliniambia Nyangi, naye si mtu wa kuongeza maneno.

Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alizaliwa Kehancha, akaolewa mwaka 1971, akalima tumbaku bega kwa bega na mumewe mpaka wakanunua lori la kwanza. Mwaka 1984 Mirumbe alimwoa Rael, mwuza samaki kutoka Homa Bay. Nyangi alikuwa na Kikuria chake, Rael na Kijaluo chake. Ilibidi wapatane na kukosana kwa Kiswahili cha sokoni, na katika lugha hiyo walikuwa wamekosana kwa adabu miaka kumi na mitatu.

Wivu wa Nyangi haukuwa wa kelele. Ulikuwa wa macho. Aliweza kukuambia pazia la Rael lilikuwa na mikunjo mingapi, na ni mara ngapi mzee amemaliza ugali wote kule ukilinganisha na huku. Mirumbe alilijua hilo mapema, akajitungia sheria: kila kitu anunue mara mbili, cha Nyangi kitangulie. Blanketi mbili, redio mbili, televisheni mbili, matangi mawili ya maji. Hata jogoo alileta wawili siku moja, kila mmoja na mlango wake.

Kitu kimoja tu hakikuwa na mwenzake. Kilikuwa kiti cha Mirumbe, cha mbao ya mninga, kilichokaa sebuleni kwa Nyangi kando ya ukuta wa ndani, kikitazama mlango. Kwa Rael alikula, akalala siku za zamu, akaondoka. Lakini wageni aliwapokea akiwa kwenye kiti kile, kesi za watoto alizikata akiwa pale, na Jumapili mchana alipumzika pale. Hakuna mwingine aliyekikalia wala kukisogeza. Kwao kiti cha mwenye boma huondolewa mahali pake siku anayotolewa kwenda kuzikwa. Nyangi alikifuta vumbi kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Redio zikiwa mbili na matangi mawili, kiti kilikuwa kwake, na hilo lilimtosha.

Mwezi wa Julai 1997 Mirumbe alirudi kutoka Kisumu, na nyuma ya magunia kulikuwa na maboksi. Mhandisi fulani wa barabara alikuwa akirudi kwao ng'ambo na kuuza vyombo vya nyumba.

"Karani," Mirumbe aliniita kabla hata hajazima injini, "pale kwa yule Mzungu nilisikia gari linanijia kutoka nyuma. Nikaruka kulikwepa. Kumbe ni filamu! Mzungu amecheka mpaka akashika ukuta."

Ndani ya maboksi mlikuwa na amplifaya moja nzito ya kukuza sauti, deki moja ya video na spika tano. Seti ilikuwa moja tu. Alikuwa ameomba ya pili, akaambiwa hakuna.

Wake wote wawili walikuwa wamesimama, kila mmoja mlangoni kwake. Mirumbe alizipanga spika juu ya turubai, akazitazama kwa muda kama mtu aliyechinja mbuzi na anatafuta pa kuanzia kukata.

"Ni tano," alisema. "Mama Caleb tatu, Mama Terry mbili. Mkubwa amezidi moja, kama kawaida."

"Na hiyo mashine nzito?" Rael aliuliza.

"Inakaa kwa mkubwa."

"Basi mimi nimepata kwato," Rael akasema, akicheka. "Asante, baba. Tutachemsha hivyo hivyo."

Mirumbe naye alicheka. Nyangi hakucheka. Alichoona yeye ni kwamba spika tatu na ile mashine zilibebwa na wapakuzi wa lori, lakini zile mbili ndogo za Rael, Mirumbe alizikumbatia mwenyewe, moja kila kwapa, akavuka nazo uwanja.

Alhamisi akaja fundi Zablon Momanyi kutoka Rongo. Alikuwa Msabato, mtu wa kupima mara tatu kabla ya kutoboa mara moja. Nami niliitwa kusoma kitabu cha maelekezo, maana kilikuwa cha Kiingereza na herufi zake ni za kuumiza macho. Palikuwa na mchoro: televisheni mbele, spika mbili pembeni mwake, moja juu yake, na mbili nyuma. Katikati ya zote palichorwa kiti.

"Mzee, hizi hazigawanywi," fundi alisema. "Ni kundi moja. Mtu anakaa katikati, sauti inamzunguka."

"Mtu gani?" Nyangi aliuliza. Alikuwa ameshika mlango wa jikoni.

"Yule anayesikiliza, mama. Mwenye nyumba."

Nyangi alikitazama kile kiti cha mninga, kisha akautazama mchoro mikononi mwangu.

Mirumbe yeye hakutaka mchoro. "Fundi, wewe una wake wangapi?"

"Mmoja, mzee."

"Basi funga waya."

Zablon alifunga waya. Alizitundika za Nyangi pale penye televisheni, kwenye ukuta wa ndani, kwa kuwa soketi ya umeme ilikuwa ukuta huo tu. Halafu akatoa waya dirishani, akaupitisha juu ya nguzo za kuanikia nguo, akauinua zaidi pale ng'ombe wanapopita, mpaka sebuleni kwa Rael. Nilishika futi ya kupimia. Ilikuwa mita thelathini na moja. Zile mbili akazitundika kwa Rael, moja kila upande wa chumba, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa.

"Zitalia," aliniambia tukinawa mikono. "Lakini zitalia nini, mimi sisemi."

Jumapili ya kwanza Mirumbe aliweka filamu ya Kihindi. Kwa Nyangi ilikuwa raha. Waimbaji walikuwa kama wako kwenye kabati. Nyangi alipika chai ya maziwa, akafungua madirisha yote ya upande wa Rael, ili kule wajue nyimbo ziko wapi. Mirumbe alikuwa kwenye kiti chake kwenye ukuta uleule wa televisheni, shingo ameipinda, spika ya kushoto ikimpigia sikioni.

Haijapita nusu saa, kicheko kikubwa kikatoka nyumba ya pili.

"Wanacheka nini?" Mirumbe aliuliza.

"Mimi nitajuaje?" Nyangi akasema. "Kunywa chai."

Kicheko kikaja tena. Mirumbe akaweka kikombe chini. "Ngoja nikaangalie ule waya."

Hakurudi mpaka filamu ikaisha. Jumapili ya pili ikawa vilevile: chai, nyimbo mbili, kicheko, waya. Ya tatu hakungoja hata wimbo wa kwanza kuisha.

Siku hiyo Nyangi alijaza unga kwenye bakuli, kwa kuwa mtu haendi nyumba ya mke mwenzake mikono mitupu bila kuulizwa amefuata nini. Alisimama mlangoni kwa Rael, akaona. Watoto walikuwa wamelala mkekani. Mle ndani hakukuwa na picha wala maneno. Kutoka kwenye zile spika mbili ilisikika mvua, farasi, makofi ya watu wengi, na mwangwi wa mtu analia mbali sana. Na Mirumbe, mwenye kiti, alikuwa amekalia kigoda cha kumenyea viazi, magoti yakimfikia kifuani.

"Huyo anayekimbia ni nani, Mama Terry?" alikuwa akiuliza.

"Huyo ni shemeji," Rael alijibu. "Ametoroka na ng'ombe za mahari. Sikia, sasa wanamfuata. Sikia! Ameanguka mtoni."

"Na hayo makofi?"

"Ni ng'ombe. Wamefurahi kurudi nyumbani."

Watoto walijipindua kwa kucheka. Rael akamwona Nyangi. "Karibu, Mama Caleb, kaa. Hebu tuambie wewe uliye na picha, huyo mwanamke analia nini tangu saa nane?"

"Amefiwa," Nyangi alisema.

"Yawa!" Rael akamaka kwa Kijaluo. "Sisi tumesema amemeza mwiba wa samaki."

Mirumbe alicheka mpaka akatoa kitambaa na kujifuta macho. Nyangi aliweka unga mezani, akarudi kwake. Aliniambia baadaye kwamba katika miaka ishirini na sita hajawahi kuyaona machozi hayo nyumbani mwake. Ya msiba aliyaona. Ya kicheko, hapana. Alisema hivyo huku anachambua maharagwe, na yale mabovu alikuwa akiyarusha mbali kuliko ilivyohitajika.

Mtu mwingine angesema Rael ni mcheshi, basi. Nyangi hakusema hivyo. Aliamua kwamba utamu uko ndani ya zile spika mbili.

"Si mzee mwenyewe alisema gari lilimjia kutoka nyuma?" aliniuliza. "Hakusema lilitoka mbele. Mimi nimepewa za mbele. Soma tena hapo, Karani."

Nikasoma tena: za nyuma ndizo zinazomfanya msikilizaji ajione yuko ndani ya tukio.

"Unaona?" akasema. "Mimi nimepewa kelele, mwenzangu amepewa tukio."

Nilijaribu kumweleza kuwa zote tano ni kitu kimoja. Alikubali neno hilo kwa haraka, na kesho yake akalipeleka kwa Mirumbe: fundi amesema hazigawanywi, kitabu kimesema hazigawanywi, na Karani ni shahidi. Mirumbe alijikuna shingo. Alisema yeye ameshagawa, hawezi kunyang'anya alichotoa. Kama Mama Terry ataziachia kwa hiari, sawa.

Nyangi alijiandaa kwa vita. Alikuwa amepanga maneno yote, nani aliolewa lini na nani alikausha tumbaku ya lori lipi. Rael alimsikiliza huku akipaa samaki magamba.

"Chukua tu, mama mkubwa," alisema. "Zinasumbua mtoto akilala. Hapa kwangu ni mvua na makofi, makofi na mvua. Nikuandalie hata ngazi?"

Wepesi huo ulimuumiza Nyangi kuliko kama angekataliwa. Kitu kinachotolewa kirahisi hivyo, aliniambia, labda mtoaji ana kingine kizuri zaidi amekificha.

Ijumaa Zablon alirudi, akafurahi kwamba kazi itafanywa inavyotakiwa. Alipima sebule ya Nyangi: futi kumi na sita kwa kumi na mbili. Televisheni ikabaki ukuta wa ndani. Spika za mbele zikaachana futi sita, ya katikati ikakaa juu ya televisheni, na mbili za nyuma akazitundika karibu na mlango, moja kila upande. Kisha akachora alama ya chaki sakafuni, futi tisa kutoka kwenye kioo.

"Msikilizaji anakaa hapa," alisema.

Sote watatu tuligeuka kukitazama kiti cha mninga ukutani. Kutoka pale kilipokuwa, spika za mbele zilikuwa ubavuni mwake, na za nyuma zilikuwa mbele yake.

"Kisogezwe," Nyangi alisema.

Zablon alianza kukunja waya uliokuwa umeshakunjwa. "Mimi ni fundi wa sauti, mama. Viti vya wazee siviwezi."

"Karani?"

Nikaweka mikono nyuma. Nilimwambia, "Mama Caleb, mngoje mwenyewe. Na pale atakuwa ameupa mlango mgongo."

"Tukimngoja atakwenda kuangalia waya," alisema. "Na waya haupo tena."

Alikiburuta mwenyewe. Kilikuwa kizito, kililia sakafuni njia nzima. Pale kilipotoka palibaki alama nne nyeupe kwenye saruji nyekundu. Alikiweka juu ya chaki, akaufuta mgongo wake kwa kanga, akapika chai.

Mirumbe aliingia saa kumi kutoka mjini. Alifika kizingitini akasimama. Kitu cha kwanza alichokiona ni mgongo wa kiti chake.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa," Nyangi alisema upesi. "Nimekuweka katikati ya sauti. Hapo ndipo kitabu kinasema. Kaa usikie, baba Caleb, kaa kidogo tu."

"Nimewekwa," Mirumbe alisema. Alikitazama kiti, akazitazama zile alama nne kule ukutani. "Na anayeingia boma langu nitamwona kwa kisogo?"

Hakupaza sauti, na hakukaa. Alichukua kofia yake, akavuka uwanja. Mimi na fundi tulikuwa bado tumeshika vikombe ambavyo hakuna aliyevinywa.

Jumapili iliyofuata Nyangi aliweka filamu, akaongeza sauti mpaka vioo vya kabati vikatetema. Farasi walipita nyuma ya kiti, mvua ikanyesha pande zote, na kiti kilikuwa kitupu. Kutoka kwa Rael, kwenye nyumba isiyo na spika hata moja, ambako matundu mawili tu yalikuwa yamebaki ukutani, kicheko kikaja kama kawaida.

Nyangi alinijia kwenye ua. Ndiyo mara pekee niliyomwona hajafunga kitambaa kichwani.

"Karani, sasa wanacheka nini? Spika zote ziko kwangu."

Nilimwambia akirudishe kiti mahali pake, mzee atarudi.

"Nikikirudisha, nimeshindwa na nyumba ambayo haina hata waya."

Jumapili tatu zilipita hivyo. Wageni waliokuja kumwona Mirumbe walikaribishwa na Rael, wakakaa kwenye viti vya Rael. Maneno yakaanza kupita sokoni kwamba boma la Mirumbe limegeuzwa. Mzee mmoja wa ukoo alipita njia, akauliza habari za Nyangi kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Hapo ndipo Nyangi alipoogopa kweli. Kuchekwa angeweza kuvumilia. Lakini mke wa kwanza ambaye kwake kiti cha mume ni kitupu ni mpangaji tu, hata kama nyumba ni ya mabati na vioo.

Alinituma Rongo kumwita Zablon. Fundi alifika, akasikiliza yote bila kumkatiza, akaenda kusimama pale penye alama nne. Alisimama muda mrefu akiutazama mlango.

"Kwani nani alisema televisheni lazima ikae huku?" aliuliza.

"Si wewe?" nikasema.

"Ni soketi iliyosema. Mimi nilifuata soketi." Alichukua kifuniko cha boksi, akachora. "Tugeuze chumba. Kiti kirudi ukutani. Televisheni iende ukuta wa mbele, kando ya mlango, na tatu za mbele nayo. Nitavuta umeme hadi pale. Hizi mbili za nyuma hazina nafasi nyuma yake, basi zikae ubavuni, juu kidogo ya masikio. Haitakuwa kama kitabu. Lakini atasikia."

"Kiti kitakuwa palepale?" Nyangi aliuliza.

"Palepale, mama. Hata sentimita haipungui."

Kazi ilichukua siku nzima. Kiti alikirudisha Nyangi mwenyewe, akipiga magoti na kuingiza kila mguu kwenye alama yake. Kisha nikatumwa kwa Rael.

"Mzee," nilisema, "kiti kimerudi."

Mirumbe alinitazama, akamaliza uji wake polepole, akaja. Alikagua miguu yote minne ya kiti. Alikaa. Aliegemea. Zablon akabonyeza, na mvua ikaanza kunyesha upande wa kulia, ikahamia kushoto. Mirumbe aliinua kiganja bila kujua, kama mtu anayejaribu kama imeanza.

"Haya," alisema. "Haya ndiyo niliyosikia kwa Mzungu."

Nyangi alikuwa nyuma ya meza na sinia ya chai. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu siku kijana wao Caleb alipopata kazi. Alimpa mumewe kikombe kwa mikono miwili, akakaa kwenye kochi la karibu, mahali ambapo angeweza kugusa mkono wa kiti. Muziki ukaingia, nyayo za mtu zikapita ubavuni, mlango wa kwenye filamu ukafungwa kwa kishindo, Mirumbe akatikisa kichwa kwa furaha. Aliangalia picha dakika kumi nzima.

Kisha tukasikia ndara uwanjani.

"Hodi huko kwenye mvua!" Rael aliingia, Terry akiwa ameshika gauni lake. Kwa jinsi chumba kilivyogeuzwa, ukishaingia mlangoni umesimama bega kwa bega na televisheni. Rael alisimama hapo, akaangalia spika ukutani moja baada ya nyingine. "Yawa, mama mkubwa, umejenga sinema!"

"Karibu," Nyangi alisema.

"Hapana, nimepita kusalimia tu."

Lakini Mirumbe alikuwa ameshayaondoa macho kwenye picha. Yalihama kiasi cha shubiri mbili tu, kutoka kwenye kioo hadi kwa mtu aliyesimama kando yake. Kwenye filamu mwanamke alikuwa analia, sauti yake imetujaa wote masikioni. Mirumbe hakumwangalia.

"Mama Terry," alisema, na kicheko kilikuwa kimeshaanza kwenye koo, "huyu naye leo amemeza nini?"

"Huyu? Huyu ameona bei ya mkaa."

Mirumbe alicheka kwenye kiti chake, ndani ya nyumba ya mke wake wa kwanza, mpaka akatafuta kitambaa. Nilimwona Nyangi akiyatazama macho ya mumewe, kisha akaufuata mstari wa macho hayo kutoka kitini mpaka mlangoni, polepole, kama anapima.

Rael aliondoka. Picha ilirudi kutazamwa. Lakini kila ndara zikisikika uwanjani, hata zikiwa za watoto, macho ya Mirumbe yalikwenda mlangoni kwanza.

Zablon alipokuwa akifunga mkoba wake, Nyangi alimsindikiza nje hadi kwenye ua. Aliongea chini, nami nilikuwa karibu nikikunja futi.

"Fundi, kazi ni nzuri. Ila niulize. Hakuna namna ya kuuweka huu mlango nyuma yake?"

Zablon alimtazama kwa upole.

"Ulikuwa nyuma yake, mama," alisema. "Akakataa kukaa."